Nani Ashike Mizani? Fedha za Runinga na Hatima ya Kipaji

Kila linapotangazwa pambano la ngumi la mtu maarufu asiyejua sana kupigana, na kila mshindi wa shindano la kuimba anapokabidhiwa hundi mbele ya kamera, ubishi huanza upya vijiweni na redioni. Upande mmoja husema biashara imeua vipaji: siku hizi anayepewa nafasi ni mwenye kiki, mwenye wafuasi na mwenye mdomo, huku fundi wa kweli akibaki nje akisubiri. Upande wa pili hujibu kwamba hakuna mtazamaji aliyeshikiwa bunduki. Watu wanataka burudani, na anayewapa wanachokitaka anastahili ujira wake. Wote husema kwa uhakika na wote hupata mifano ya kuwatosha, ndiyo maana ubishi wenyewe hauishi.

Sehemu kubwa ya mkanganyiko inatokana na malalamiko matatu kusemwa kana kwamba ni moja. La kwanza linahusu anayeonyeshwa: nani anapewa saa nzuri ya usiku na kamera nne. La pili linahusu anayelipwa, na kiasi gani. La tatu linahusu anayehesabiwa mshindi, yaani anayepandishwa kwenye viwango, anayepewa taji au anayefunguliwa njia ya kuligombea. Anayelalamika kwamba bondia fulani mwenye tambo anajaza ukumbi analalamikia la kwanza, lakini maneno anayotumia ni ya la tatu. Anayemjibu kwamba soko ndilo limeamua anatetea la pili, akidhani ameyamaliza yote. Hoja ya uchambuzi huu ni kwamba fedha za runinga zina haki ya kuamua kwa sehemu kubwa nani aonekane, na malipo yanaweza kujadiliwa mezani. Zikishika mizani inayopima ushindi, hapo ndipo kipaji kinapoumia. Ugumu ni kwamba mpaka kati ya malipo na ushindi una matundu mengi kuliko inavyodhaniwa, na ziko fani ambazo mpaka huo haujawahi kuwapo.

Biashara ilikuwapo kabla ya kamera

Wanaosema kipaji kilikuwa safi hadi runinga ilipoingia wanaisahau historia ya pwani yao wenyewe. Siti binti Saad alipovuka bahari kwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo za Kiswahili, kampuni iliyomrekodi haikuwa taasisi ya kuhifadhi utamaduni. Ilitaka kuuza santuri. Sauti ile imetufikia kwa sababu kuna mtu aliona faida ndani yake. Katika miaka ya 1990 jijini Dar es Salaam, ushindani wa vikundi vya taarabu vya TOT na Muungano ulijaza kumbi kwa mipasho, na watu walilipa kiingilio kusikia nani angemjibu nani kati ya Khadija Kopa na Nasma Khamis. Ugomvi wa jukwaani ulikuwa bidhaa, na walioiuza walikuwa waimbaji hodari. Leo ugomvi wa namna hiyo ungeitwa kiki, na hapana shaka kuna ambao wangesema unawaharibia sanaa.

Kwenye ngumi ushahidi uko wazi zaidi. Pambano la Muhammad Ali na George Foreman mjini Kinshasa, tarehe 30 Oktoba 1974, lilikuwa biashara tangu mwanzo hadi mwisho. Kila bondia aliahidiwa dola milioni 5, serikali ya Mobutu ikalipa ili nchi yake itajwe duniani, na kengele ililia mnamo saa kumi alfajiri kwa sababu watazamaji wa Marekani walikuwa bado macho. Saa ya kupigana iliamuliwa na watu walioketi kumbini ng'ambo ya bahari. Hata hivyo, aliyeangushwa raundi ya nane aliangushwa kweli, na hadi leo pambano lile linahesabiwa miongoni mwa makubwa kuliko yote. Ali mwenyewe alikiri kwamba sehemu ya tambo zake alijifunza kwa mwanamieleka Gorgeous George, aliyemwonyesha kuwa watu hununua tiketi hata kwa hamu ya kumwona mtu akinyamazishwa.

Kama biashara ni ya zamani hivyo, runinga imebadilisha nini? Imebadilisha aina ya mteja. Mwenye ukumbi wa dansi wa zamani alimtegemea mtu yuleyule arudi Jumamosi ijayo, kwa hiyo bendi mbovu ilimfilisi. Runinga ya matangazo huuza macho kwa mdhamini, na kwa hesabu ya mdhamini jicho la mtu aliyepita kutazama kioja mara moja lina bei sawa na jicho la shabiki wa miaka 20. Kulea bondia au mwimbaji huchukua miaka kumi na kunaweza kuishia patupu, wakati tukio la ajabu huandaliwa kwa miezi mitatu na kuleta idadi ileile ya macho, pengine zaidi. Tanzania Bara ilipata runinga mwaka 1994 tu, kwa hiyo sisi tuliupokea mfumo huu ukiwa umeshakomaa kwingine, bila kupitia kipindi kirefu cha runinga ya umma ambacho nchi nyingi za Ulaya zilikipitia. Vyama vingi vya michezo vilijikuta vinazungumza na wenye vituo kabla havijajua vinauza nini.

Wanapopatia watetezi wa soko

Hoja ya soko isidharauliwe. Mfano wake bora hapa kwetu ni Karim Mandonga, Mtu Kazi, aliyezipa ngumi zake majina na kuwafanya hata wasiojua tofauti ya jabu na ndoano wakae mbele ya runinga wakisubiri Sugunyo. Julai 2022 alipigwa na Shaban Kaoneka mjini Dodoma, na umaarufu wake ukapanda badala ya kushuka. Januari 2023 alikwenda Nairobi akamshinda Daniel Wanyonyi, na vyombo vya habari vya Kenya vikamkimbilia kama vile amekuja bingwa wa dunia. Wakosoaji walisema anaifanya ngumi kuwa maigizo. Lakini pambano linalojaza ukumbi huwa na mapambano ya utangulizi, na vijana wanaopigana humo hulipwa kutokana na watu waliokuja kumwona mwenye tambo. Mandonga hakuwahi kumzuia mtu kujua ngumi. Aliwauzia tiketi wasiojua kuuza.

Mfano mkubwa zaidi ni wa Texas, tarehe 15 Novemba 2024. Jake Paul, kijana wa miaka 27 aliyepata jina kwa video za mtandaoni, alipigana na Mike Tyson mwenye miaka 58, na Netflix ikatangaza kuwa kaya milioni 60 zilitazama. Kama pambano, lilikuwa la kutia huruma, na hata waliolipigia debe hawakuwa na la kulisifia kesho yake. Lakini usiku uleule, kabla ya wawili hao, Katie Taylor na Amanda Serrano walipigana raundi kumi za ngumi ambazo wengi waliziona kuwa bora kuliko chochote kingine jioni ile. Mabondia wanawake hawajawahi kupata hadhira kama ile kwa nguvu ya majina yao peke yao. Kampuni inayommiliki kikazi Serrano, iliyoshiriki pia kuandaa pambano la kwanza la wawili hao pale Madison Square Garden mwaka 2022, ni ya huyohuyo Jake Paul. Anayedai kwamba mtu huyu ameua ngumi anapaswa kueleza hili. Julai 2025 Taylor na Serrano walirudiana mara ya tatu, safari hii wakiwa kichwa cha usiku ambao mapambano yake yote yalikuwa ya wanawake.

Na riadha, mchezo ambao kwetu hauna ukumbi wala tambo, una ushahidi wake. Alphonce Simbu alipokuwa bado hajulikani, kampuni ya king'amuzi, MultiChoice Tanzania, ilimchukua kuwa balozi wa DStv na kumsaidia kukaa kambini. Alimaliza wa tano katika Olimpiki ya Rio 2016, akapata shaba ya dunia London 2017, na tarehe 15 Septemba 2025 mjini Tokyo akashinda marathoni ya dunia kwa tofauti ya sehemu tatu za mia za sekunde, dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano hayo. Mdhamini alikuwa na nia ya kuuza ving'amuzi, na mkimbiaji alipata chakula na muda wa kufanya mazoezi. Hapakuwa na ubaya wowote, kwa sababu hakuna mdhamini anayeweza kuisogeza saa ya marathoni hata kwa sekunde moja.

Wanapopatia walalamikaji

Hata hivyo, utetezi huo una doa. Unadhani kwamba macho ya watazamaji hayana kikomo, kwamba Mandonga akiongezewa muda hapungukiwi mtu mwingine. Mwishoni mwa Julai na mwanzoni mwa Agosti 2022, wakati tambo za Dodoma zikiwa gumzo, michezo ya Jumuiya ya Madola ilikuwa ikiendelea Birmingham. Tanzania ilirudi na medali tatu: fedha ya Simbu katika marathoni, na shaba mbili za ngumi za ridhaa, moja ya Yusuf Changalawe na nyingine ya Kassim Mbundwike. Ngumi za ridhaa ndizo zilizotupa fedha ya Titus Simba mjini Edinburgh mwaka 1970 na dhahabu ya Michael Yombayomba mjini Kuala Lumpur mwaka 1998. Shule ya bondia ni hiyo. Haihitaji utafiti kujua nani alitajwa zaidi wiki zile, na kijana wa Tandika anayechagua njia ya kupita huangalia nani anatajwa. Akiona mdomo unalipa haraka kuliko miguu iliyofundishwa kuhama, atafanya mazoezi ya mdomo. Gharama hii haionekani kwenye hesabu za promota yeyote, kwa kuwa inalipwa miaka kumi baadaye.

Kwenye muziki malalamiko yana uzito wa aina nyingine. Mashindano ya kuimba ya runinga, tangu Pop Idol ya Uingereza mwaka 2001 hadi Bongo Star Search (BSS) ya Rita Paulsen na Tusker Project Fame ya kampuni ya bia, yameweka kura ya mtazamaji mahali pa mizani. Kura hiyo huwa ni ujumbe wa simu unaotozwa. Kwa maneno mengine, kipimo cha ushindi ni mauzo yenyewe. Mwenye ndugu wengi, mwenye hadithi ya kusikitisha, au anayependwa na wenye salio, anamzidi mwenye koo. Wakosoaji hutaja kwa haki kwamba Jennifer Hudson alitolewa akiwa wa saba katika American Idol mwaka 2004, na mapema 2007 akapokea tuzo ya Oscar. One Direction walimaliza wa tatu katika The X Factor ya 2010, na wachache nje ya Uingereza wanamkumbuka aliyewashinda. Peter Msechu alipita BSS na Tusker Project Fame bila kushinda yoyote, na bado anaimba.

Mifano hii, lakini, inakata pande mbili. Hudson, One Direction na Msechu walijulikana kwa sababu walionekana. Jukwaa liliwafaa ingawa hukumu yake haikuwa sahihi. Na wale wanaodai kwamba kura hupima wingi wa wananchi tu wana kazi ya kueleza Tusker Project Fame, ambako Alpha Rwirangira wa Rwanda alishinda mwaka 2009 na Hope Irakoze wa Burundi mwaka 2013, nchi ndogo mbili zilizoshindana na Kenya na Uganda, wakati Tanzania yenye watu wengi haikutoa mshindi hata mara moja. Watazamaji wana masikio kuliko tunavyowapa sifa. Tatizo la kura za kulipia liko kwingine: anayezihesabu ndiye anayezivuna. Mwaka 2008 mamlaka ya utangazaji ya Uingereza ilikitoza kituo cha ITV cha huko faini ya pauni milioni 5.675 kwa michezo ya simu ambamo watazamaji walilipia bila kupewa nafasi ya haki. Korea Kusini, mtayarishaji wa mfululizo wa Produce alifungwa jela mwaka 2020 baada ya kuthibitika kuwa kura zilipangwa ili waundwe wasanii ambao kampuni iliwataka. Watazamaji wale walidhani wanachagua kipaji, kumbe walikuwa wanalipia uamuzi uliokwisha kufanywa.

Ngumi: mizani iliyo mkononi mwa muuzaji

Ngumi za kulipwa ndizo zinazoonyesha kwa undani jinsi fedha zinavyopenya kutoka kwenye malipo hadi kwenye ushindi, tena bila mtu yeyote kuhonga jaji. Katika soka ratiba hupangwa kabla ya msimu, na kila timu itakutana na kila timu. Katika ngumi hakuna ratiba. Promota ndiye anayechagua nani apigane na nani, wapi, lini, kwa uzito gani na kwa raundi ngapi. Anayeuza tiketi ana kila sababu ya kumlinda bondia wake anayeuza. Humletea wapinzani wa kuanguka, mara nyingi wasiojulikana kutoka nchi za mbali, na rekodi ikifika mapambano 15 bila kupoteza, inageuka kuwa tangazo. Majaji watatu wanaweza kuwa malaika, na bado matokeo yakawa yameamuliwa siku mkataba ulipotiwa saini. Hii ndiyo sababu siafikiani na wanaodhani kwamba tiba ya ngumi ni kupata waamuzi waadilifu. Waamuzi hufika mwisho kabisa wa mchakato.

Juu ya hapo kuna mikanda. Taasisi nne zinazotambulika zaidi, yaani WBA, WBC, IBF na WBO, zina bingwa wake kila moja katika kila uzito, na chini yao kuna mashirika madogo mengi yanayotoa mikanda ya mabara na ya dunia. Yote hutoza ada kwa kila pambano la ubingwa linaloidhinishwa. Chombo kinachopata fedha kila kinapotangaza kwamba pambano ni la ubingwa kitatangaza ubingwa mara nyingi. Mtazamaji wa Dar es Salaam au Mombasa anayeambiwa kuwa usiku wa leo kuna mkanda wa dunia hana namna ya kujua ni mkanda gani hasa, na mtangazaji hana faida ya kumfafanulia.

Julai 2025, muda mfupi baada ya Jake Paul kumshinda Julio César Chávez Jr., WBA ilimweka nafasi ya 14 katika uzito wa cruiser. Hadi hapo alikuwa amekwisha kupigana na wanamasumbwi wa mtandaoni, wastaafu wa michezo mingine, na Tyson wa miaka 58. Kuonyeshwa kwake hakukuwa na kosa, na kulipwa kwake ni mapatano yake na wanaolipa. Lakini nafasi ya 14 ina mtu aliyesukumwa hadi ya 15, na aliyekuwa ya 15 akatolewa kabisa kwenye orodha inayofungua njia ya kugombea mkanda. Huyo ndiye mhanga halisi wa biashara, na jina lake halitangazwi popote. Watetezi wa soko hujibu kwamba ulingo ulisahihisha mambo wenyewe: Desemba mwaka huohuo Anthony Joshua alimwangusha Paul raundi ya sita mjini Miami. Ni kweli. Ila usahihisho huo ulimnufaisha Joshua, tajiri tayari, na haukumrudishia chochote aliyeachwa nje ya orodha.

Upande wa pili wa sarafu hii tunao nyumbani. Septemba 2018 Hassan Mwakinyo wa Tanga aliitwa Birmingham kwa taarifa fupi kuziba pengo dhidi ya Sam Eggington, Mwingereza anayepigana kwao. Kwa hesabu za mapromota wale, mgeni kutoka Afrika alikuwa wa kumpa mwenyeji usiku mwepesi. Mwakinyo alimmaliza raundi ya pili. Miaka minne baadaye alirudi Uingereza na kusimamishwa na Liam Smith raundi ya nne mjini Liverpool, na hilo nalo lilikuwa jibu la kweli kuhusu alipofikia. Ngumi, kwa bahati nzuri, bado haziwezi kuandikwa zote mapema. Lakini hatujui ni Mwakinyo wangapi hawakuwahi kupigiwa simu ile, na mfumo unaomtegemea mtu mwingine ajitoe dakika za mwisho ili fundi aonekane hauwezi kuitwa mfumo.

Soka na jedwali lisilonunulika kwa urahisi

Soka linatoa picha tofauti kidogo, na ni vizuri kuiona kabla ya kuilaumu runinga yote. Mei 2021 shirikisho la soka la Tanzania (TFF) na Azam Media walisaini mkataba wa miaka kumi wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Mmiliki wa chombo hicho, kundi la Bakhresa, ndiye pia mwenye Azam FC. Kwa nadharia huu ni mgongano wa maslahi wa kutisha: anayeonyesha ligi ana timu ndani yake. Kwa vitendo Azam FC wametwaa ubingwa mara moja tu, msimu wa 2013/14. Msimamo wa ligi haupigiwi kura, na mwenye kamera hawezi kujiongezea pointi. Walipojaribu wenye timu kubwa za Ulaya kulibadilisha hilo, Aprili 2021, kwa kuanzisha Super League ambayo wengi wa washiriki wake wasingeweza kushuka daraja hata wangefungwa kila wiki, mashabiki wa Uingereza walisimama barabarani na mpango ukavunjika ndani ya siku chache. Klabu hizo tayari zilikuwa tajiri kupindukia na mashabiki hawakuwahi kuandamana kwa ajili hiyo. Waliandamana siku fedha zilipotaka kuondoa kupanda na kushuka.

Atakuja msomaji aulize: kama jedwali ni safi, mbona ubingwa wa Bara hauchomoki mikononi mwa Simba na Yanga, Azam ikiwa ndiyo pekee iliyowapokonya tangu Mtibwa Sugar ilipouchukua mwaka 2000? Pingamizi hili ni zito. Mizani iliyonyooka haisaidii kama upande mmoja umeruhusiwa kuja na mawe. Mashabiki, wadhamini na wanachama wa Simba na Yanga huwawezesha kusajili kila anayechomoza Mbeya au Kagera kabla hajamaliza msimu wake wa pili. Hapo tatizo limerudi kwenye malipo, na ndipo yanapostahili kujadiliwa. Ligi Kuu ya Uingereza, ambayo hakuna anayeituhumu kwa ujamaa, hugawa sawasawa nusu ya fedha za haki za matangazo ya ndani kwa klabu zake zote, kwa kujua kwamba mechi isiyo na ushindani haiuziki.

Je, tuziondoe fedha?

Wapo wanaohitimisha kwamba dawa ni kurudi nyuma: serikali na mashirika yalee vipaji kama enzi za Radio Tanzania Dar es Salaam, wakati bendi kama NUTA Jazz na Mlimani Park zilikuwa chini ya taasisi za umma. Muziki wa enzi ile ulikuwa mzuri kiasi kwamba bado unapigwa harusini. Wanaousifu husahau kutaja kwamba wengi wa walioutengeneza walizeeka bila mirabaha huku nyimbo zao zikirushwa kila siku. Taasisi ilitunza sanaa na kuwasahau wasanii.

Kenya imetupa jaribio la wazi zaidi la nini hutokea fedha zikiondoka. Mwaka 2017 SuperSport ilivunja mkataba wake na ligi kuu ya nchi hiyo, baada ya mvutano kuhusu kuongeza timu hadi 18. Mwaka 2019 SportPesa nayo, katikati ya mgogoro wa kodi na leseni, ikasitisha udhamini, na Gor Mahia na AFC Leopards wakaanza kuhangaikia mishahara na nauli. Kama biashara ndiyo iliyofunika vipaji, kuondoka kwake kungepaswa kuvifunua. Badala yake wachezaji walibaki bila malipo, na mwaka 2021 FIFA ikaifukuza Zoo FC ya Kericho kwenye ligi kwa upangaji wa matokeo. Siwezi kusema kila mechi iliyouzwa iliuzwa kwa njaa, lakini mchezaji asiyelipwa ni rahisi kununuliwa kuliko anayelipwa. Utegemezi wa soka letu kwa kampuni za kubashiri, pande zote mbili za Namanga, unastahili uchambuzi wake peke yake. Hapa itoshe kusema kwamba mdhamini anayefaidika na matokeo yasiyotabirika ni mdhamini wa kuangaliwa kwa jicho la karibu.

Kinachowezekana, na bei yake

Kinachobaki ni kazi isiyo na mvuto ya kuitenganisha mizani na muuzaji, na kila hatua ina anayeumia. Kamisheni ya ngumi yenye nguvu ya kukataa pambano lisilo na uwiano, tofauti na ile inayokagua uzito na vyeti tu, ingewalinda mabondia na rekodi zao. Ingepunguza pia idadi ya mapambano, na chombo chochote kinachoendeshwa kwa ada za vibali kitasita kukataa kibali. Kwa hiyo haifai kuzungumzia mamlaka yake bila kuzungumzia nani analipa mishahara yake. Katika mashindano ya kuimba, hesabu za kura zingeweza kutangazwa hadharani na mkaguzi wa nje, na tuzo ya watazamaji ikatenganishwa na tuzo ya majaji. Mwenye kipindi atasema hilo linapunguza msisimko wa usiku wa mwisho, na yuko sahihi. Majaji nao wana upendeleo wao, wakati mwingine mbaya kuliko wa umma, kwa kuwa umma haujuani na meneja wa msanii.

Mikataba ya matangazo ingeweza kudai nafasi ya lazima kwa ngumi za ridhaa na riadha katika saa zinazotazamwa. Hili napenda wazo lake kuliko matumaini yake. Kumlazimisha mtangazaji aonyeshe asichoweza kukiuza huishia saa tisa usiku. Runinga ya taifa, inayolipiwa na walipa kodi, ndiyo yenye wajibu huo kwanza, kabla hatujamgeukia mfanyabiashara na kumwambia atulelee vijana.

Hatua isiyo na gharama kubwa, na ambayo ingeanza kesho, ni kutenganisha maonyesho na mapambano. Mike Tyson alipokutana na Roy Jones Jr. Novemba 2020, na Floyd Mayweather alipokutana na Logan Paul Juni 2021, yaliitwa maonyesho. Watu walinunua, wahusika walilipwa vizuri, na hakuna kilichoingia kwenye rekodi ya mtu. Pambano la Texas la 2024, lenye raundi za dakika mbili mbili na glovu nzito kuliko kawaida, liliidhinishwa kama la kulipwa, likahesabiwa ushindi, na miezi minane baadaye ushindi wa namna hiyo ukawa ngazi ya kuingia kwenye orodha ya WBA. Biashara ya usiku ule isingepungua sana kama lingepewa jina lake. Mabondia wetu wenye tambo wangeweza kuendelea kujaza kumbi za Dodoma, Mwanza na Nairobi chini ya utaratibu huohuo, wakilipwa kama wachangamshaji wanavyostahili kulipwa, huku nafasi za viwango zikibaki kwa wanaopigana na waliolingana nao. Promota atakayepinga atakuwa anatuambia kwamba alichokuwa akikiuza ni ile rekodi yenyewe.